Kwetu Wote ni Yeye

Kanisani kwetu kila mwanamke ni sista, kuanzia mke wa mchungaji hadi msichana aliyeshuka ndege juzi na lebo ya mzigo bado inaning'inia kwenye begi. Lakini ukisema "Sista" tu, bila jina, Waafrika wote wanaotuhusu hapa Carrollton, Texas, wanajua unamsema nani. Ni yule nesi mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, aliyekaa kiti cha pili kutoka ukutani, mahali ambapo kiyoyozi hakimfikii, na ole wako ukikikalia kiti hicho.

Nasema "aliyekaa" kana kwamba amekufa. Hajafa. Ila kanisani haji tena, na kiti hicho hakuna anayekigusa.

Alikuwa amesoma unesi hadi ngazi ile ya kuruhusiwa kuandika dawa, chini ya daktari mmoja wa Houston aliyekagua kazi yake. Hospitali aliiacha, akaajiriwa na kliniki ya mtandaoni. Alitibu akiwa chumba cha nyuma cha nyumba yake, kwa kompyuta, na wagonjwa wake walikuwa watu waliobadili jinsia au waliokuwa njiani: aliyelelewa kama mvulana na sasa ni mwanamke, aliyelelewa kama msichana na sasa ni mwanamume. Wengi walikaa miji midogo ya magharibi na kaskazini mwa Texas, ambako daktari wa karibu yuko mwendo wa saa tatu kwa gari, na ukifika anakwambia mambo hayo hayajui. Sista aliwaandikia homoni, akawasomea vipimo vya damu na kuwagombeza juu ya sigara. Kanisani kila mtu aliijua kazi hiyo na hakuna aliyeitaja, jinsi mnavyojua nyumba fulani ina mgonjwa na mnapita mkisalimia.

Mimi nilikuwa mkalimani. Siku za wiki niko ofisini Richardson nikitengeneza kompyuta za watu. Jumapili niliingia kile kibanda cha vioo nyuma ya kanisa, na kila kilichosemwa kwa Kiswahili nilikigeuza Kiingereza kwa ajili ya vijana waliozaliwa huku. Kiingereza changu kilichukuliwa na mashine na kuandikwa chini ya picha, kwa wanaotufuata mtandaoni. Sista aliniita "mdomo wangu." Nililipenda jina hilo kupita kiasi, na leo sitaki kulisikia.

Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo iliyopandishwa cheo. Nyuma ya kiti alitundika shuka nyeupe kwa vibanio vya nguo ili wagonjwa wasione masanduku na mtungi wa kachumbari. Juu alivaa blauzi iliyopigwa pasi hadi kola ikasimama. Chini, ambako kamera haifiki, alivaa kanga na soksi za mumewe. Siku moja aliinuka ghafla kufunga dirisha, akasahau. Mgonjwa alicheka hadi akalia, akamwambia hajacheka tangu Krismasi. Sista akaandika kwenye faili kwamba hali ya moyo inaendelea vizuri.

Maswali yake mawili ya kwanza hayakubadilika kamwe. Uko peke yako? Mlango umefungwa? Hata ungempigia kuuliza bei ya mahindi, angekuuliza hayo kwanza. Nilimtania kwamba anafaa kuwa jambazi.

"Cheka tu," alisema. "Hawa watu wangu ukuta wao ni wa mbao, na baba zao wako upande ule mwingine."

Ndipo akanieleza habari ya kikohozi. Kuna mgonjwa alikuwa akionyesha mahali pa kudunga sindano, mlango ukafunguka nyuma yake, akaingia mtu mkubwa mwenye kofia. Mgonjwa akashusha nguo na kusema, "Yes ma'am, I still have that cough." Sista, bila kupepesa jicho, akauliza ni kikavu au kina makohozi. Wakazungumza kikohozi dakika kumi, na yule mtu kasimama tu, hatoki. Tangu siku hiyo Sista aliwafundisha wagonjwa wote: akiingia mtu, sema una kikohozi, na ukishindwa kusema, niandikie. Akaniambia kwamba likimjia neno hilo huwa anaogopa, maana hajui nani amesimama hapo.

Usidhani alikuwa mtu wa kisasa. Aliongoza maombi ya akina mama na alikuwa mkali kama pilipili. Msichana mmoja alikuja na suruali iliyochanika magoti, Sista akamfunga leso kiunoni mbele za watu wote, akamwambia, "Mtoto mzuri, utapigwa na baridi." Hakuna aliyeweza kulinganisha mwanamke huyo na kile chumba cha nyuma. Mama mmoja mwenye ujasiri alimuuliza kama kazi yake inakubaliana na Maandiko. Sista akavua miwani.

"Kwa interview waliniuliza kama najua kusoma damu," alisema. "Hawakuniuliza kama najua kuhukumu. Hiyo post ina mwenyewe, na haja-retire."

Wala hakuwa mvunja sheria. Jimbo limekataza dawa hizo kwa walio chini ya miaka kumi na minane, naye hakupindisha hata kwa siku moja. Kuna aliyempigia kutoka mji wa pamba huko magharibi akibakiza wiki tano. Alilia, akabembeleza. Sista alikataa, akakata simu, kisha akaichora siku yake ya kuzaliwa kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni, katikati ya harusi na michango ya misiba. Siku ilipofika aliwasha kompyuta alfajiri akakaa. Saa mbili kamili ikalia. Nilimwuliza angefanyaje kama isingelia. Akasema nisimuulize maswali ya hivyo asubuhi.

Lakini hewa ilikuwa ikizidi kuwa nzito. Bunge la jimbo likikaa, yeye alikosa usingizi. Duka la dawa moja lilianza kuwaambia watu wake kwamba dawa zimekwisha, wiki baada ya wiki. Wakubwa wake wa kazi wakaondoa picha za manesi kwenye tovuti bila kueleza. Kisha mtu mmoja akaandika kuomba miadi, akawa haulizi dawa, anauliza idadi: una wagonjwa wangapi, miji gani, wanakaa na nani. Sista akamjibu aonyeshe uso kwanza. Hakuonekana tena. Wiki hiyohiyo aling'oa kile kibao chenye jina la familia pale mlangoni, na matundu ya misumari akayaziba kwa dawa ya meno.

Sasa nifike kwenye he na she, yeye wa kiume na yeye wa kike wa Kiingereza.

Sisi watu wa kwetu tuna kosa ambalo miaka ishirini ya Amerika hailitoi. Kiswahili hakina ugomvi huo, wala lugha zetu nyingi za nyumbani. Alikuja, amelala, anaumwa: hujui ni mume au mke mpaka uambiwe. Mchungaji wetu alimtambulisha mama mchungaji mbele ya wageni Wazungu kwa kusema, "He has been my wife for thirty years," na sisi tukasema amina, hatukuona kosa liko wapi.

Kwetu ni kichekesho. Kwa Sista kilikuwa kidonda. Alikuwa na mgonjwa wa mji wa visima vya mafuta, mwanamke aliyehangaika miaka hadi kumpata mtu wa kumwita she. Katikati ya mazungumzo Sista akateleza, akasema he. Yule mgonjwa hakugombana. Aligeuza uso tu akatazama ukuta hadi muda ukaisha.

Sista alinipigia jioni ile, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama mlango umefungwa. "Mwanangu, nimemkata mtu kwa mdomo," akasema.

Nilikuwa na sifa moja kanisani: mimi sichanganyi. Ndiyo maana nilipewa kibanda. Basi kila Jumatano baada ya kazi nilikwenda jikoni kwake, naye akisukuma chapati, mimi namrushia sentensi. Hakunitajia jina la mgonjwa wala mji. Tuliwaita yule wa visima, yule wa pamba, yule wa kiwanda.

"Yule wa visima kapata kazi."

"She has gotten a job."

"Yule wa pamba kakata nywele."

"He has cut... ngoja. He. Ni he. He has cut his hair."

"Yule wa kiwanda anaimba vizuri."

"She sings. She sings very well, huyo." Akikosea, chapati ya donge lile iliwekwa pembeni na mumewe akaila bila mchuzi. Miezi ikapita, akawa hakosei tena kwenye kompyuta, ingawa mumewe alibaki she hadi leo, na mzee wa watu hana neno.

Wagonjwa wapya aliwaambia mapema: kwetu kuna neno moja tu kwa ajili yenu nyote, kwa hiyo nikikosea si dharau, ni mdomo unarudi nyumbani. Yule wa visima alimwomba alitamke neno hilo mara tatu. Tangu hapo alipoaga alisema, "Asante, yeye."

Ila kwangu mimi Sista aliweka sheria nyingine. Alikuwa akisimama wakati wa maombi na kuwaombea watu, wa kazini na wasio wa kazini, wote mchanganyiko, bila majina. "Kwa screen ni he na she, nitajifunza," aliniambia. "Lakini kwa booth yako ni 'this person.' Usi-choose. Siku utachagua utamtoa mtu nje." Nilimjibu kwamba nimeelewa. Miaka nikasema this person, this child of yours, hadi vijana wakaniita hivyo wakinitania.

Yule wa kiwanda, kama Sista alivyonidokezea kidogo kidogo, alikuwa Mkongomani. Kaskazini kabisa mwa jimbo kuna mji wa viwanda vya nyama, na familia nyingi kutoka mashariki ya Congo zilikwenda huko kwa sababu ya kazi. Hawana mchungaji, Jumapili wanajikusanya sebuleni kwa mmoja wao na kutufuata kwenye televisheni. Mgonjwa huyu alikulia kambini, mama yake akafia huko, akaletwa Amerika na baba yake mdogo, na humo nyumbani ni mtoto wa kiume anayekata nyama na kuimba kwaya. Kwa Sista tu alikuwa mwanamke. Ndiye mgonjwa pekee aliyezungumza naye Kiswahili, na Sista alisema hiyo ndiyo saa moja ya wiki ambayo ulimi wake haukuogopa.

Baba mdogo si zimwi. Alimbeba mtoto huyo mgongoni siku tatu wakikimbia vita. Lakini mezani, wakimsema mtoto wa watu wengine, aliwahi kuapa kwamba wa hivyo akitokea kwake atamzika yeye mwenyewe. Mgonjwa alimwambia Sista, "Baba mdogo akijua, njo mwisho yangu," yaani ndio mwisho wake.

Kwa hiyo walipanga safari taratibu. Mjane mmoja Mkenya wa Houston, rafiki ya Sista, alikuwa na chumba, na kazi ya kutunza wazee ilipatikana. Nyumbani ikaelezwa kwamba ni kazi tu, nayo ilikuwa kazi kweli. Baba mdogo akabariki. Tena akatuma ujumbe kanisani kwamba mtoto wake anasafiri Ijumaa kwenda Houston, aombewe.

Jumapili ile Sista akasimama. "Baba, kuna mtoto wetu kule juu kwa viwanda vya nyama. Mama yake ulimchukua kambini. Anaimba vizuri, unamjua. Ijumaa anasafiri. Mfunike mpaka afike." Maneno ya kawaida kabisa. Sebule nzima kule juu bila shaka ilisema amina kwa furaha.

Na mimi, kibandani, nikatafsiri. Her mother died in the camp. She sings well, you know her. On Friday she is travelling. Cover her until she arrives.

Sikujisikia nikisema. Jumatano baada ya Jumatano nilikuwa namzoesha Sista kumwita yule wa kiwanda she, kumbe najizoesha mwenyewe. Watu hukosea kwa kusema uongo. Mimi nilikosea kwa kusema kweli. Nilipovua vile vya masikioni nikaona maandishi bado yako chini ya picha, meupe juu ya weusi, yanapanda polepole na kutoweka.

Nilijipa moyo. Nikasema sisi wote tunachanganya, nani atajali, watadhani ni kosa letu lile la kila siku. Wakati huohuo nilijua kanisa zima linanisifu kwa kutochanganya, na kule juu pia wanajua. Sista alinipita mlangoni akanipiga begani, akasema, "Leo ume-interpret vizuri, mdomo wangu." Hasikilizagi Kiingereza changu. Nilifungua kinywa nimwambie, watu wakaja kumsalimu, nikaenda kwenye gari. Jumatatu sikumwambia. Jumatano nilimtumia ujumbe kwamba nina kazi nyingi, sitakuja. Nimeona aibu nyingi maishani, hii ndiyo sijui pa kuiweka.

Alhamisi saa nane mchana ilikuwa zamu ya yule wa kiwanda, miadi ya mwisho kabla ya safari. Kompyuta haikulia. Ukaja ujumbe wa simu tu: *Sista, niko na kikohozi.* Sista akaandika, kikavu au kina makohozi? Hakujibiwa.

Ijumaa jioni mjane wa Houston akapiga simu kutoka kituo cha basi. Abiria wote wameshuka, dereva amefunga milango, hakuna mtu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda Carrollton. Sista alifungua mlango kwa upana wa mnyororo, akanitazama, akafungua, akanipeleka chumba cha nyuma. Alikuwa na blauzi ya kazi na kanga, na ile shuka nyeupe ilikuwa imebanduka upande mmoja, hakuinyanyua. Mezani palikuwa na karatasi yenye namba ya polisi wa mji ule wa viwanda.

"Daktari wa Houston amesema tuite polisi," alisema. "Nami naogopa. Wakibisha mlango na kumtaja vibaya mbele ya mzee, kama alikuwa bado hajajua atajua. Nataka kwanza nijue kama anajua. Sielewi angejuaje. Tulifunga kila mlango."

Nikamwambia. Nilimwambia mambo ya Jumapili neno kwa neno, kwa Kiingereza kile kile, she zote tatu na her zote tatu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta, akavua miwani, ikaning'inia.

"Ulisema kweli," akasema baadaye. "Ungekuwa umedanganya ningekuchapa."

"Nisamehe, Sista."

"Siku nne kabla ya kile kikohozi, mwanangu. Ungeniambia Jumapili ningeendesha gari mimi mwenyewe. Ningekuwa huko Jumatatu." Akasogeza simu yangu iliyokuwa mezani kuelekea kwangu. "Yangu wanaijua. Piga na yako. Wewe si ndiye mdomo?"

Akanisomea namba ya yule wa kiwanda, nikapiga. Ililia muda mrefu. Alipopokea hakuwa mgonjwa. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, ya taratibu, ya mtu aliyekuwa amekaa na simu hiyo mkononi.

"Allo."

"Shikamoo, mzee. Samahani, namtafuta mwenye simu hii."

"Simu hii sasa iko kwangu. Ni nani ule?"

"Ni mtu wa kanisa la Carrollton, mzee. Tulikuwa tunamwombea safari."

Nyuma yake redio iliimba nyimbo za kwao.

"Nakujua sauti," akasema. "Ni weye wa Kiingereza." Halafu, polepole, kama anayeonja kitu kichungu: "Ule unatafuta, ni he, ao ni she?"

Sista hakusikia, lakini aliuona uso wangu, akasimama. Nilikuwa na majibu mawili na yote yangemuumiza mtu. Nikatafuta lile neno la nyumbani, neno ambalo miaka yote lilitusitiri.

"Namtafuta yeye, mzee. Yeye tu."

"Yeye aiko," akasema, na simu ikakatika.

Nikabaki nimeishika sikioni. Sista alikuwa amenishika mkono wa shati.

"Amesema nini?"

Nimetafsiri mahubiri, ndoa na mazishi. Neno hilo, kwa Kiswahili cha kule kwao, lina mlango wa mbele na wa nyuma. Aiko ni hayupo hapa, katoka, katoroka, kafukuzwa. Aiko ni hayupo tena. Sauti yake haikunipa hata chembe ya kunielekeza, na nilimjua Sista, angeshika lolote ningempa.

Mara hii sikuchagua. Nilimwambia maana zote mbili, moja baada ya nyingine, naye akavaa miwani, akavuta ile karatasi na kuanza kubonyeza namba.